Kumleta mtoto wa paka katika nyumba yenye paka mkubwa: tufanyeje ili mwenyeji asivurugike?

Tulizo

Wanajukwaa, salamu kwenu. Nina paka jike wa miaka mitano, ameshafungwa kizazi, na tangu akiwa mdogo hajawahi kuishi na paka mwenzake. Nimeahidiwa mtoto wa paka, dume, ambaye kwa sasa bado yuko kwa mama yake. Jamaa zangu wamegawanyika. Baadhi wananihimiza nimwachie tu mdogo sebuleni, kwamba watazoeana wenyewe, na wengine wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo niachane kabisa na mpango huu. Ningependa kuwasikia wanaolifahamu jambo hili kwa undani, na naomba kila hatua itajwe pamoja na sababu yake, ili nikikwama njiani niweze kuamua mwenyewe.

Mwangalizi

Ndugu Tulizo, umefanya vyema kuuliza kabla mgeni hajafika, kwa sababu mambo mengi huharibika katika saa ya kwanza, na kuyatengeneza baadaye huchukua muda mrefu kuliko ambao ungetumika kuyaanza vizuri.

Nianze na sababu, kama ulivyoomba. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye wanasayansi humwita Felis lybica, naye ni mnyama anayewinda peke yake na kuishi katika eneo analolijua kila kona. Hana utaratibu wa kumpokea mgeni na kumpa nafasi yake siku hiyo hiyo. Hata hivyo, si kweli kwamba paka hawawezi kuishi pamoja. Majike wenye undugu huishi kwa makundi mahali penye chakula cha kutosha, hulambana na hata kunyonyesheana watoto. Ila paka wa nje ya kundi hukubaliwa polepole, baada ya kuonekana na kunuswa kwa mbali mara nyingi. Kazi yako ni kuuiga mwendo huo ndani ya nyumba, na chombo chako kikuu ni mlango uliofungwa.

Pili ni harufu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, chini ya nyayo na karibu na shina la mkia. Paka wako anaposugua shavu kwenye mguu wa meza au kwenye goti lako, anaacha alama inayomwambia kwamba hapa ni kwake na pana usalama. Nyumba nzima imepakwa alama hizo kwa miaka mitano. Mgeni akiingia ghafla, mwenyeji huona mnyama asiyemjua na wakati huo huo hukuta harufu ya nyumba yake imebadilika. Ndiyo maana tunaanza na pua, kisha macho, na miili kukutana huja mwisho.

Kabla mdogo hajaja, mwandalie chumba chake. Kisiwe chumba ambacho mwenyeji hulala au hupenda kuota jua dirishani, maana utakuwa umempokonya kitu siku ya kwanza tu. Weka humo chakula, maji, beseni la mchanga mbali na chakula, na boksi la kujificha. Wala usiharakishe kumchukua kwa mama yake. Wiki nane ndicho kiwango cha chini, na akifikisha wiki kumi na mbili ni bora zaidi, kwa kuwa kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo anapojifunza kwa wepesi zaidi kuishi na wengine, na wiki zinazofuata hucheza na ndugu zake na kujua meno yanauma kiasi gani. Paka aliyetengwa mapema huuma kwa nguvu bila kujua, na paka mkubwa hatamvumilia.

Siku ya kuwasili, mpeleke mdogo moja kwa moja chumbani ndani ya kizimba chake cha kubebea, bila kusimama sebuleni ili waonane. Mwenyeji atakuja kunusa chini ya mlango. Huenda akafoka kwa pumzi kali, akaondoka, akarudi. Mwache. Usimbebe kumsogeza, wala usimkaripie anapofoka, kwa sababu kufoka ni njia yake ya kusema “usinikaribie” bila kupigana, na ukimnyima njia hiyo utamwachia kucha peke yake.

Baada ya mdogo kutulia, anakula na anatumia beseni lake, anza kubadilishana harufu. Chukua kitambaa safi, kisugue taratibu kwenye mashavu na kidevu cha mmoja, kisha kiweke sakafuni upande wa mwingine, karibu na mahali pa chakula bali si chini ya bakuli. Angalia anachofanya. Pengine utamwona mwenyeji amenusa, kisha amebaki na mdomo wazi kidogo, mdomo wa juu umeinuka, kana kwamba amechukizwa. Hajachukizwa. Kuna kiungo kwenye kaakaa, kinachoitwa kiungo cha Jacobson, ambacho humsaidia kuisoma harufu kwa kina, na ule ndio usomaji wenyewe. Siku atakapokipita kitambaa bila kujali, au akakilalia, ujue hatua hiyo imekwisha.

Sambamba na hilo, walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Anza na bakuli zikiwa mbali kiasi cha kila mmoja kula kwa utulivu, kisha zisogeze kidogo kidogo. Akisita kula, umesogeza mno. Rudisha bakuli lilipokuwa jana. Kisha wabadilishane vyumba kwa saa moja au mbili bila kuonana. Mdogo apate kuijua nyumba, na mwenyeji aingie katika kile chumba anuse kila kitu mwenye chumba akiwa hayupo. Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kuwa na maana, lakini mimi naiona kuwa na thamani kuliko nyingine zote, kwani inampa mkubwa nafasi ya kupeleleza bila kutishwa.

Kuonana kuanzie kwenye wavu, kizuizi cha watoto kilichofunikwa nusu kwa shuka, au mlango ulioachwa upenyo mdogo ambao kichwa hakipiti. Iwe kwa dakika chache, wakati wa kula au kucheza, na uufunge mlango wangali watulivu. Hizo hatua hazina idadi maalumu ya siku. Kuna paka wanaomaliza yote kwa wiki mbili na kuna wanaohitaji miezi kadhaa, na anayeamua mwendo ni mkubwa.

Kigogo wa Mtaa

Namheshimu Mwangalizi, lakini nadhani mlolongo huu ni mrefu kupita mahitaji. Nimefuga paka tangu utotoni, na watoto wa paka waliletwa, wakawekwa sakafuni, mkubwa akafoka siku mbili tatu, mambo yakaisha. Paka mkubwa anajua kuwa yule ni mtoto.

Mwangalizi

Mkuu, sikatai ulichokishuhudia. Mtoto wa paka huleta tishio dogo kuliko paka mzima, na mwenyeji mpole, hasa aliyekulia pamoja na paka wengine, anaweza kumkubali upesi sana. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mapema kama paka wake ni wa aina hiyo, na paka wa ndugu Tulizo hajaishi na mwenzake hata siku moja.

Pia tuangalie tofauti ya miili. Mtoto wa wiki nane huwa na uzito unaokaribia kilo moja, na paka mzima kwa kawaida ana kilo nne au tano. Pigo moja la kucha linaweza kumharibia jicho. Na wasipoumizana, bado kuna madhara ya hofu: paka hukumbuka mahali na mnyama aliyemtisha, na mkutano mmoja mbaya hufanya kila mkutano unaofuata uanze akiwa ameshajiandaa kupigana. Yako pia mashambulizi yanayoelekezwa kwa asiyehusika. Paka aliyepandwa na hasira kwa sababu ya mgeni akashindwa kumfikia, humgeukia aliye karibu, na mara nyingi huyo ni wewe uliyeinama kumtuliza. Meno ya paka ni membamba na huingiza bakteria ndani kabisa ya nyama, hasa wale wa jamii ya Pasteurella, kwa hiyo jeraha la mkononi linaloonekana dogo linaweza kuvimba ndani ya siku moja na kuhitaji daktari. Wakishikana, usiingize mkono. Pitisha kipande cha kadibodi au mto kati yao, au mtupie mmoja taulo nene.

Kuna sababu nyingine ya mlango kufungwa ambayo haihusiani na tabia hata kidogo, nayo ni maradhi. Mtoto wa paka anaweza kuonekana mzima huku amebeba mafua ya paka, utitiri wa masikioni, viroboto, minyoo, au mapunye ambayo yanaweza kuchukua wiki mbili au tatu kabla hayajaonekana na ambayo hata binadamu huambukizwa. Kibaya zaidi ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi ambao huua watoto wa paka kwa wingi na ambao virusi vyake hudumu sakafuni na kwenye vyombo hadi mwaka mmoja. Sabuni ya kawaida haiviui, inahitajika klorini. Kwa hiyo wiki mbili za kutengwa zingehitajika hata kama paka wako angekuwa mkarimu kuliko wote. Mpeleke mdogo kwa daktari wa mifugo mapema, apewe dawa ya minyoo, aanze chanjo, na apimwe damu kwa ajili ya virusi vya lukemia ya paka, ambavyo husambaa kwa mate, yaani kwa kulambana na kula bakuli moja. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Hakikisha na za mkubwa hazijapitwa na wakati.

Bi Zawadi

Nashukuru kwa mjadala huu. Wangu wameshafikia hatua ya kukaa chumba kimoja nikiwaangalia, lakini kila wanapokimbizana moyo unanidunda. Nitatofautishaje mchezo na ugomvi?

Mwangalizi

Dada Zawadi, sikiliza kabla ya kutazama. Mchezo, hata wa kubiringishana na kuumana shingo, kwa kawaida ni wa kimya. Ugomvi una kelele: mngurumo mrefu unaopanda na kushuka, mayowe, kufoka kusikokoma. Kisha tazama zamu. Katika mchezo, aliyekuwa anakimbizwa hugeuka akawa mkimbizaji, aliyekuwa chini huja juu, na wakiachana kila mmoja hubaki hapo hapo akijilamba. Ikiwa anayekimbia ni yule yule kila mara, na akipata upenyo hujificha chini ya kitanda hatoki, huo si mchezo kwake.

Dalili ninayoihofia kuliko kelele ni ya kimya: mkubwa amekaa katikati ya mlango au njiani kuelekea kwenye beseni, hajafanya lolote, anamkazia mdogo macho bila kupepesa, ncha ya mkia inapigapiga sakafu. Mtu asiyejua huona paka aliyepumzika, kumbe amemfungia mwenzake njia. Usimpige wala usimrushie maji, maana ataunganisha adhabu hiyo na uwepo wa mdogo. Pitisha kitu kati ya macho yao, au mwite kwenye ufito wa kuchezea wenye kamba, na ukimaliza ongeza njia: kiti kando ya ukuta, rafu, boksi lenye matundu mawili. Paka mwenye pa kutokea hana haja ya kupigana.

Mambo ya kutia moyo nayo yapo. Mkubwa akimtazama mdogo kisha akafumba macho polepole na kugeuza uso, amelegea. Akimgeuzia mgongo na kujilamba, ni imani kubwa zaidi.

Mkaazi wa Ghorofani

Paka wangu ana miaka kumi na mitatu. Tangu mtoto aingie, haruki tena kwenye kochi lake na jana amekojoa kwenye kapeti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Je, ni kisasi?

Mwangalizi

Ndugu, si kisasi, na tafadhali usimwadhibu. Kwa umri huo maumivu ya viungo ni ya kawaida sana, na mtoto anayemrukia mgongoni kila dakika humfanya aogope kushuka na kupanda. Beseni lenye ukingo mrefu nalo huwa mtihani kwa nyonga zinazouma, kwa hiyo mpe lenye ukingo mfupi, karibu na anapolala. Mpe pia mahali pa kupumzikia ambapo mdogo hafiki, lakini pawe na ngazi fupi ya kumsaidia yeye, na mdogo achezeshwe hadi achoke kabla hawajakutanishwa.

Hata hivyo, daktari kwanza. Msongo wa mawazo huweza kumletea paka uvimbe wa kibofu, akawa anakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, nje ya beseni, pengine na damu. Kama ni dume, na anachuchumaa bila kutoa kitu huku akilia au kujilamba sehemu za siri, hiyo ni dharura isiyosubiri asubuhi: njia ya mkojo imeziba na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Vivyo hivyo paka mkubwa anayesusa chakula. Akipitisha siku nzima bila kula, mpigie daktari, kwa sababu mwili wa paka, hasa aliyenenepa, huanza kurundika mafuta kwenye ini, na hali hiyo huua.

Kuhusu mabeseni, kanuni inayotumika na wengi ni idadi ya paka kuongeza moja, yaani matatu kwa paka wawili, yakiwa sehemu tofauti. Mabeseni matatu yaliyopangwa mstari mmoja bafuni, kwa paka, ni choo kimoja ambacho mwenzake anaweza kukilinda.

Kigogo wa Mtaa

Hilo la ini nimejifunza leo, na la kufunga njia nimelielewa vizuri, kwa kuwa nakumbuka paka wa aina hiyo. Nina swali moja. Wawili wangu wa sasa, waliokuwa wakilala pamoja, walipigana vikali baada ya mmoja kurudi kutoka kwa daktari. Hapo nako tuanze upya?

Mwangalizi

Mkuu, hutokea mara nyingi. Aliyerudi amebeba harufu ya dawa, ya wanyama wengine na ya hofu yake mwenyewe, na aliyebaki nyumbani hamtambui. Mweke chumba cha peke yake hadi ajilambe na kurudia harufu ya nyumba, kisha uwarudishe pamoja. Kwa kawaida siku moja inatosha. Wakiendelea kukataana, ndipo mnaanza tena na milo ya mlangoni.

Tulizo

Nimesoma yote zaidi ya mara moja, na ninashukuru. Nimeamua kumsubiri mdogo afikishe wiki kumi na mbili. Nitamtayarishia chumba cha wageni, ambacho jike langu haliingii mara kwa mara. Kwa daktari nitampeleka siku hiyo hiyo ya kumchukua. Chakula watakula kimoja ili nisiwachanganye, na kwa kuwa nimebakiwa na dawa ya viroboto ya mbwa wetu wa zamani, nitampaka kidogo ili asimletee mkubwa wadudu. Usiku nitawaacha pamoja nikishaona wanakula bega kwa bega. Naomba mnirekebishe.

Mwangalizi

Ndugu Tulizo, mpango wako ni mzuri, ila naomba sana usitumie hiyo dawa ya mbwa. Baadhi ya dawa za viroboto za mbwa zina permethrini, kiua wadudu ambacho mwili wa paka hauwezi kukivunja ipasavyo. Humletea mitetemeko, degedege na kifo, na mkubwa anaweza kudhurika kwa kumlamba tu aliyepakwa. Mwombe daktari dawa ya paka inayolingana na umri na uzito wa mdogo.

Chakula nacho kitenganishe. Mdogo anahitaji chakula cha watoto wa paka, chenye protini na nishati nyingi, milo mitatu au minne kwa siku hadi afikishe miezi sita, na kukiendeleza hadi karibu mwaka mmoja. Jike lako likikila hicho kila siku litanenepa, na mdogo akila cha mkubwa peke yake atapungukiwa. Kulia vyumba tofauti kunalimaliza hilo. Mchanga wa beseni la mdogo usiwe ule unaogandamana ukilowa, kwa vile watoto wa paka huutia mdomoni.

Kuhusu usiku, kula bega kwa bega hakutoshi kuwa kipimo, kwa sababu paka mwenye njaa huvumilia mengi. Ngoja hadi uwe umewaona siku nyingi mfululizo wakipitana mlangoni bila yeyote kusimama, mkubwa akilala usingizi wa kweli mdogo akiwa anatembea chumbani humo, na mdogo amekua kiasi cha kuweza kuruka na kujinusuru. Hadi hapo, kila unapotoka na kila unapolala, mdogo arudi chumbani kwake. Akifikisha miezi minne au mitano zungumza na daktari kuhusu kumhasi, kabla hajaanza kurusha mkojo ukutani na kumsumbua mwenyeji kwa tabia za kidume.

Na kama baada ya miezi hawalambani wala hawalali pamoja, bali kila mmoja anakula vizuri, anatumia beseni lake na kupita popote bila kunyatia, usiwalazimishe zaidi ya hapo. Mlango wa chumba cha wageni uache wazi, mabeseni matatu yabaki yalipo, na kila siku mpe mkubwa muda wake wa kucheza na wewe mdogo akiwa chumba kingine.